Kona Chini ya Sinki

Baba mwenye nyumba hakuwaamini mafundi bomba. Chini ya sinki la bafuni, fundi alikuwa ameweka bomba lililopinda kama shingo ya bata, na yeye akaona huo ni ujuaji tu: maji yanayoshuka yazungushwe ya nini? Jumamosi akaikata ile kona, akaweka bomba lililonyooka, akajipongeza.

Jumapili akaja mama mkwe kuwatembelea. Jumatatu bafu likanuka kama choo cha stendi. Jamaa akamnong'oneza mkewe, "Mwambie mama yako awe anamwaga maji chooni." Mkewe akamkata jicho. Mama mkwe, ambaye masikio yake hayajazeeka, akasikia kila neno.

Fundi alipoitwa, akainama, akachungulia, akaguna.

"Mzee, ile kona hubakiza maji kidogo, na maji hayo ndiyo kifuniko. Bila hayo, harufu yote ya shimo la choo inapanda humu. Nani kaitoa?"

Baba mwenye nyumba akakumbuka ana simu ya kupiga.

"Mkwe wangu huyo," mama mkwe akajibu kwa upole. "Mrudishie kona yake, mwanangu. Halafu mwambie awe anamwaga maji."