Saa Aliyozaliwa Arlène

Thérèse alikuwa msusi, tena msusi aliyefunzwa Uvira, Kongo, na msusi wa Uvira hatupi nywele ovyo. Kila jioni pale saluni yake ya Berea, Johannesburg, alifagia nywele za wateja, akazitia kwenye mfuko, akaenda kuzichoma mwenyewe nyuma ya jengo. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwa swali: "We unajua nani anapita hapa?" Kwake yeye unywele, ukucha na habari za kuzaliwa kwa mtu ni vitu ambavyo adui akivipata, umekwisha. Kwa hiyo siku bintiye Arlène aliporudi kutoka kazini akasema mama wa mpenzi wake Jitesh anaomba kujua saa aliyozaliwa yeye, Thérèse aliweka kitana chini.

"Saa yako ya kuzaliwa? Ya kufanyia nini?"

"Wampelekee pandit, Maman. Ni mnajimu wao. Anapima nyota za mume na mke kama zinapatana."

"Na zisipopatana?"

Arlène akaanza kuchezea zipu ya mkoba wake.

Ilikuwa mwaka 2019. Arlène ana miaka ishirini na miwili, anakaa kaunta kwenye duka moja la dawa katikati ya mji, na Jitesh ndiye mfamasia wa pale. Mwaka wa pili huo walikuwa wanapendana. Mama yake Jitesh, mjane aitwaye Hansa, mwuza vitambaa vya sari huko Fordsburg, hakuwahi kumtolea binti neno baya. Alisema tu kwamba nyota zikikubali, naye amekubali. Zikikataa, harusini hatakanyaga.

Aa! Hapo Thérèse akacheka kicheko kikavu. Miaka kumi na sita Joburg, anaujua ukataaji wa adabu: samahani dada, chumba kimeshapata mtu, samahani mama, kazi imejaa. Sasa hawa nao wamekuja na wa kwao, wanamtuma nyota Mirihi aseme kile ambacho wao wanaona haya kukisema. Jitesh aliapa atamwoa Arlène nyota zitake zisitake, lakini Thérèse hakutaka ndoa ya namna hiyo. Yeye mwenyewe aliolewa bila kupokewa ukweni, na aliyaona ya kuyaona. Alitaka mtoto wake aingie kwa mlango wa mbele, mama mkwe akiwa amesimama pale pale kumlaki.

Mwatumu, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akisuka naye humo saluni, hakuona kosa. "Mama Arlène, hata kwetu watu huangaliziwa nyota kabla ya posa. Mwalimu anahesabu jina la kijana na jina la mamake, basi. Usiwaone wenzio wajinga."

"Mi niko mtu wa kanisa. Ile mambo siamini hata kidogo."

"Kama huamini, wasiwasi wa nini, shoga?"

Swali hilo likamuudhi Thérèse, akaokota kitana chake akarudi kwa mteja.

Jumapili Thérèse na Arlène wakaenda, wakapanda ngazi za nyuma ya duka la Hansa, juu ambako Hansa na Jitesh waliwasubiri. Thérèse alitegemea kumkuta pandit mzee mwenye majivu usoni na kitabu cha ngozi. Alimkuta mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Lenasia, shati limepigwa pasi, kompyuta mapajani. Shaka ikaongezeka. Mchawi wa kompyuta utamkamatia wapi?

"Naomba tarehe, mahali na saa," Pandit alisema kwa Kiingereza. "Buruji inayochomoza, yaani kundi la nyota la saa hiyo, hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Saa ikikosewa, nyumba zote kumi na mbili za chati zinahama."

Arlène akatoa karatasi yake ya ukimbizi. Pandit akaisoma, akatabasamu. "Tarehe mosi Januari. Wengi wa kwenu mlizaliwa siku hiyo."

Tabasamu lile Thérèse hakulipenda. "Hiyo aliandika karani tu. Kweli yake ni tarehe ishirini na tano Oktoba, tisini na sita. Vita imeingia Uvira, tuko njiani tunakimbia. Hospitali hakuna, cheti hakuna, baba yake alikufa. Shahidi aliyebaki ni mimi."

"Na unajimu wenyewe, shahidi wake nani?" Jitesh akadakia. "Wanajimu walipewa chati za nyota za watoto, wenye akili nyingi na wenye ulemavu wa akili, wazitenganishe. Wakapatia kama mtu anayerusha sarafu!"

Hansa akamkata jicho mwanawe. Pandit hakukasirika. "Nalijua jaribio hilo. Bara Hindi kuna vyuo vikuu vinavyofundisha elimu hii, na kuna wanasayansi wanaosema ni aibu kuifundisha. Wazee wetu walianza kwa kuangalia mbingu ili wajue siku ya kutoa sadaka. Hizi buruji, wanazuoni wanasema tulizipata kwa Wagiriki, nao walizichota Babeli. Sisi tulikuwa na hesabu yetu ya mwezi na vituo vyake ishirini na saba, tukachanganya. Mimi sikuambii uamini, kijana. Mimi nahesabu." Akamgeukia Thérèse. "Saa ngapi, mama?"

Kweli yenyewe ilikuwa saa nane mchana, jua kali, wanawake wawili wameshika kitenge juu yake kumpa kivuli. Arlène aliijua hadithi hiyo tangu anajifunza kusema. Lakini Thérèse aliona vidole vya mzee vinasubiri, akaona Hansa alivyoinama kusikiliza, akahisi anaombwa unywele wa mtoto wake. Awape? Ng'o!

"Alfajiri," akasema. "Jua ndiyo lilikuwa linachomoza."

Walipokuwa kwenye teksi ya kurudi Berea, Arlène akamvuta mkono. "Maman, si ulisemaka mchana?"

Thérèse akaogopa. Msichana akipenda, mdomo haufungi. Kesho atamwambia Jitesh, na Jitesh atamwambia mama yake. "Ulikuwa mtoto, nilikuwa nachanganya mambo. Ni alfajiri. Naapa kwa baba yako aliye kaburini."

Arlène alimwangalia mpaka wakapita robot mbili, zile taa za barabarani, halafu akageukia dirishani.

Wiki iliyofuata jibu likaja: alama ishirini na saba kati ya thelathini na sita, na kumi na nane zingetosha. Hansa alikuja Berea mwenyewe na boksi la haluwa, akamkumbatia Thérèse mbele ya wateja wenye vitana vichwani, akalia. Jitesh akaanza kumwita Maman, na kila Jumamosi akawa anapita saluni kumpima presha.

Mwingine angemshukuru Mungu akatulia. Thérèse? Thubutu! Mbona wamekubali upesi hivyo? Kama mzee amesema ndiyo kwa saa ya uongo, basi ni tapeli anayesema anacholipwa kusema, na leo kalipwa aseme ndiyo, kesho atalipwa aseme hapana. Akaamua kumkamata. Akamtuma Mwatumu kwa Pandit na saa ya kweli, tarehe ile ile, mji ule ule, aseme ni ya binti wa jirani.

Mwatumu alirudi mchana huo huo, hata mtandio hakuvua. "Mama Arlène, kaa chini kwanza."

"Sema tu."

"Kasema Mirihi kakaa nyumba ya saba, ndiyo nyumba ya ndoa. Binti huyo asiolewe hivi hivi, mumewe hatadumu. Atakufa mapema. Na wallahi alipoandika ile tarehe, aliniangalia sana."

Thérèse akacheka, akasema upuuzi mtupu, akaendelea kusuka. Kumbe kichwa cha mteja kashasuka mistari miwili kombo. Jumamosi Jitesh akaja kumpima presha, akakohoa, na moyo wa Thérèse ukafanya pu! Kijana akasoma kipimo, akashtuka, akamwambia presha imepanda sana, anywe maji, apumzike. Akili nyingi huondoa maarifa, wahenga hawakukosea. Mzee aliyemwita tapeli alipomwambia jambo zuri hakumwamini, alipomwambia jambo baya akamwamini lote. Akinyamaza na kijana akafa, atakuwa kamwua yeye. Akisema, mlango wa mbele unafungwa mtoto wake akiwa kizingitini. Wiki mbili nzima alilibeba hilo, hata kanisani alikuwa anaimba kwa midomo tu.

Siku ya kuchagua tarehe njema ya harusi wakakutana tena pale juu ya duka, wale wale watano. Chai haijapoa, Thérèse akasimama.

"Niliwadanganya. Haikuwa alfajiri, ni saa nane mchana. Nilifikiri mnatafuta njia ya kumkataa mtoto wangu juu ni mweusi, Mkongo, mkimbizi. Sasa nimejua Mirihi yuko kwenye nyumba ya ndoa. Sitaki Jitesh afe."

Jitesh akataka kucheka, akaacha. Pandit akaitikia kwa kichwa polepole. "Rafiki yako alipokuja na tarehe ile na Uvira ile, nilijua. Nilikusubiri uje mwenyewe."

"Mirihi?" Hansa aliuliza. "Ni hilo tu? Mimi nilizaliwa na Mirihi pale pale. Waliniozesha chungu cha udongo kwanza, wakakivunja, balaa likaishia kwenye chungu. Nikakaa na baba yake Jitesh miaka thelathini na mmoja. Mirihi ana dawa, mama." Kisha sauti ikabadilika. "Lakini nilikuja kwako nikakukumbatia mbele ya wateja wako. Kumbe muda wote huo ulikuwa unaniona mimi adui?"

Thérèse hakuwa na pa kuuweka uso.

"Tuhesabu upya," Pandit akasema. "Saa nane mchana?"

"Saa nane. Nilikuwepo mimi."

"Hata ile alfajiri ulikuwepo," Hansa akajibu. "Nitajuaje hii nayo hukuitunga? Cheti hakuna, shahidi mwingine hakuna. Siwezi kumwozesha mwanangu kwa saa ya kubahatisha."

Hakusema kwa hila, na hilo ndilo lililomchoma Thérèse. Kisingizio alichodhani wanakitafuta, amewapa yeye kwa mkono wake.

Hansa akamgeukia Arlène, akamshika kiganja. "Wewe ndiye unayemjua mama yako. Niambie unaamini ni saa nane, nami nitaamini. Kesho tunaenda kununua chungu."

Jitesh akamkanyaga Arlène mguu kidogo chini ya meza: sema ndiyo. Neno moja tu lilitakiwa. Thérèse akamwangalia bintiye, akaona anamtazama kwa macho yale yale ya kwenye teksi.

"Uliapa kwa baba," Arlène alisema kwa Kiswahili, wengine wasielewe.

"Niliapa uongo, mwanangu. Hii ndiyo kweli. Mungu ananiona."

Arlène akafuta machozi kwa kiganja. Akamgeukia Hansa, akamjibu kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayesoma.

"Sijui, mama. Sijui nilizaliwa saa ngapi."

Pandit akafunga kompyuta bila kuandika tarehe ya harusi. Hansa akauachia mkono wa Arlène taratibu, akainuka, akaanza kukusanya vikombe.