Mkamwana wa Mlango wa Nyuma

Tangu mzee Theodory afiwe na mkewe kule Kasense na kuhamia Kabwe kwa mwanawe Zenon, hakukosa kitu isipokuwa amani. Nyumba ilitazama ziwa. Samaki wale wa migebuka hawakukauka jikoni, mjukuu wake Mary alimpandia magotini kila alipoketi, na mkamwana wake, Atupele, alikuwa na kicheko cha kumfanya hata mgonjwa adai uji. Ila mzee akitia tu mguu mlangoni, kicheko kilikatika. Mlango wa nyuma ulilia, na jikoni hakubaki mtu.

Mara ya kwanza alisema labda kaenda kuchota maji. Mara ya pili akasema ana haya. Baada ya hapo akachoka kumtafutia visingizio. Mtu anayekukimbia ndani ya nyumba ya mwanao ana jambo lake. Tena chakula hakukileta mwenyewe hata siku moja; alikileta Mary, kimefunikwa. Kwa nini kifunikwe? Marehemu mkewe naye alifunika chakula miaka yote, maana inzi wapo kila mahali, lakini mzee hakutaka kusikia habari za inzi.

Akamfuata Zenon ufukweni, akamkuta akishona nyavu.

"Mkeo ana nini na mimi?"

"Ndivyo alivyo, baba. Utamzoea tu," Zenon alijibu, hata macho hakuinua.

Hapo mzee akajua mwanawe naye keshatekwa.

Akaacha kula. Sahani ikija, alisubiri Mary aondoke, akammwagia Popi, mbwa wa nyumbani, kisha akamkodolea macho aone ataanguka lini. Popi hakuanguka. Alinenepa, manyoya yakang'aa, akawa anamwandama mzee kila aendako akitikisa mkia. "Sumu ya polepole hiyo," mzee alijiambia, mwenyewe akishindia mihogo ya majirani na suruali ikimteleza kiunoni. Zenon, mkewe na mtoto walikula uani wakicheka. Yeye alibaki barazani akiwasikiliza, na roho ilimuuma kweli. Basi akaamua kurudi Kasense. Heri kufa peke yake kuliko kufia mikononi mwa mtu asiyetaka hata kumwona.

Siku aliyofunga begi, akafika Suma, kaka yake Atupele, aliyezoea kuja Kabwe kuchukua dagaa wa kupeleka Mbeya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwambie dada yako naondoka. Nimekaa humu tangu mavuno, sijauona uso wake."

Suma akatabasamu kwa fahari. "Kumbe anashika adabu mpaka huku! Mama atafurahi sana."

"Adabu gani ya kumkimbia mtu?"

"Kwani shemeji hakukwambia? Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hali naye, hata jina lake halitaji. Wengi siku hizi wameacha. Ukiona anashika bado, mzee, ujue anakuheshimu sana."

Mzee akalitazama begi lake, kisha akamtazama Popi na tumbo lake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Heshima yote ile alikuwa akimlisha mbwa.

Akabeba kigoda, akakiweka nje ya jikoni, akaketi akiupa mlango mgongo.

"Mama Mary," akaita, "usitoke. Mimi nitatazama ziwa. Wewe kaa jikoni kwako, ucheke."

Mwiko ukagonga sufuria. Baada ya kitambo Mary akatoka na sahani mbili, moja kubwa yenye ugali na mgebuka mzima, nyingine ndogo, akaziweka mbele ya babu yake.

"Mama anasema hii ni yako, babu, na hii ya Popi. Anasema kuanzia leo kila mtu ale yake."

Kumbe siku zote mkamwana wake alijua, na bado alipika.

Akamega tonge. Nyuma yake kicheko kikapasuka, na safari hii mlango wa nyuma haukulia.