Nukta Laini

Mjomba aliporudi kutoka kwenye mkutano wa wafanyabiashara hakukaa hata kunywa chai. Aliwakusanya watu wote wa ofisini, akasimama mbele ya ubao, akachora nukta moja nene, na mbele yake akaandika neno laini. Akauliza nani anajua ile ni nini. Mhasibu alidhani ni nembo mpya. Dereva, aliyekuwa ameingia kuchukua funguo, alidhani ni mdudu aliyeganda ubaoni.

Mjomba akawaeleza kwa huruma, kama mtu aliyetoka kuujua ukweli asubuhi ile ile. Anwani ya tovuti ina mkia, yaani zile herufi zinazokuja baada ya nukta ya mwisho, na mikia hiyo ina wenyewe. Sasa dirisha la maombi lilikuwa limefunguliwa, mwenye uwezo aombe mkia wake. Yeye angeomba Laini, jina la magodoro yake, na hivi karibuni watu wa dunia nzima wangekuwa na anwani zinazoishia kwa jina la kiwanda chake. Hakuna aliyemkumbusha kwamba tovuti ya kiwanda ilikufa kitambo, na kwamba mteja akiifungua alikutana na tangazo la dawa ya mende.

Kazi ya kuandaa maombi alikabidhiwa mpwa wake, binti wa dada yake, ambaye ndiye aliyekuwa afisa mawasiliano wa kiwanda. Na hapo ndipo palipokuwa na kasheshe, maana jina Laini halikuwa la Mjomba peke yake. Babu alipofariki aliacha biashara mbili zenye jina hilo hilo: magodoro akamwachia mwanawe, mito akamwachia bintiye. Ndugu hao walielewana vizuri mpaka siku dada alipoomba mito yake iwekwe juu ya magodoro kwenye duka la kaka, na kaka akamjibu kwamba mto ni pambo. Tangu hapo walikuwa wakisalimiana misibani tu. Binti alifanya kazi kwa mjomba na kulala kwa mama, na alishazoea kuishi kama balozi: ya huku hayafiki kule, ya kule hayafiki huku.

Mjomba alimwajiri mshauri, bwana mmoja mwenye simu mbili na marashi yaliyomtangulia mlangoni. Wafanyakazi walimbatiza Bwana Nukta. Alikuja kila wiki, akaketi kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akasoma alichoandika binti, kisha akasema, "Panua kidogo." Hakuna kingine alichowahi kusema kuhusu maandishi. Binti akapanua. Maswali yalikuwa mengi na hayakuwa na mzaha: mkia huu utaufaidi vipi umma, nani ataendesha mitambo yake, kiwanda kikifilisika wenye anwani watakimbilia wapi. Alipomuuliza Mjomba kwa nini hasa wanautaka, Mjomba alimwambia aandike kwamba wanastahili.

Basi akabuni. Aliandika kwamba kila mgongo una haki ya kulala pahali laini, na kila haki inahitaji anwani. Aliona haya alipoisoma sentensi hiyo, lakini Mjomba aliipenda mpaka akaichapisha kwa herufi kubwa na kuibandika mapokezi. Palipoulizwa kama kuna yeyote anayeweza kulipinga ombi, Mjomba alisema hayupo. Binti alimfikiria mama yake, akaandika hayupo.

Jioni moja mama yake alisukuma sahani pembeni, akaweka kompyuta mezani. Alisema kwa sauti ya chini, ingawa walikuwa wawili tu nyumbani, kwamba naye ameamua kuwa na mkia wake kwenye intaneti, na kwamba asimwambie mjomba wake. Alikuwa amepata mtaalamu wa hali ya juu. Alitaka tu bintiye apitishe macho, kama kuna herufi zimeruka.

Binti akasoma. Kila shingo ina haki ya kulala pahali laini, na kila haki inahitaji anwani.

Akarudia. Mgongo ulikuwa umegeuka shingo, basi. Aliendelea kushuka, na kila aya ilikuwa ya kwake, hata koma zilikuwa pale pale alipoziweka. Mahali pamoja mtaalamu alibadilisha neno magodoro tu akasahau mengine, na maombi yakajigamba kwamba mito ya kampuni hii inaweza kubeba baba, mama na watoto wawili bila kubonyea.

Aliuliza nani kaandika. Mama alisema ni mtaalamu mwenyewe, kwa mkono wake, na kwamba mtu yule ana kipaji. "Usinune, mwanangu," akaongeza, "lakini wewe huko kwa mjomba wako hujafika kiwango hiki."

Kesho yake binti alikwenda ofisini kwa Bwana Nukta damu ikimchemka. Alitarajia mtu atakayebabaika. Bwana Nukta alimkaribisha kiti, akamwagizia soda, akamwambia kwamba maneno hayana mwenyewe, yeye anauza uzoefu. Binti akamuuliza itakuwaje wawili wakiomba mkia mmoja. Akajibiwa kwamba huambiwa wapatane, na wakishindwa huenda mnadani.

"Na huko mnadani wewe utamshauri nani?"

"Atakayenipigia kwanza," alisema, bila hata chembe ya aibu.

Binti aliondoka ameamua kusema kweli pande zote mbili. Alidhani wangemshukuru. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa nini alimpelekea mama yake siri za kiwanda. Mama naye akasema, "Kwa hiyo nimelishwa makombo ya mjomba wako." Hapo ndugu wawili, ambao kwa miaka hakuna aliyekuwa na namba ya simu ya mwenzake, walitafutana na kupigiana. Walizungumza muda mrefu, kwa upendo mkubwa, wakimsema binti.

Wakakutana kiwandani. Mama aliingia na mto kwapani, akaukalia, kwa sababu alisema viti vya kaka yake ni vigumu. Waliafikiana haraka kwamba wataomba pamoja, ombi moja, jina moja. Binti alingoja kusikia Bwana Nukta akifukuzwa. Mjomba alisema hapana, yule ndiye mtu pekee anayezijua pande zote mbili. Bwana Nukta akaletewa kile kiti kizuri.

Kilichofuata kilikuwa vita vya sentensi. Mjomba alitaka magodoro yatajwe kwanza, kwa kuwa mtu hawezi kulala juu ya mto mtupu. Mama alitaka mito itangulie, kwa kuwa mgongo haujawahi kununua kitu, kichwa ndicho hununua. Binti alipendekeza waandike matandiko, na wote wawili wakamtazama kama aliyewatukana marehemu baba yao. Asubuhi alibadilisha, jioni alirudisha. Kisha wakagombania jina la nani liandikwe kama mtu wa kuwasiliana naye. Bwana Nukta aliwaambia wapanue kidogo. Wakiwa bado wanapanua, dirisha la maombi likafungwa. Bwana Nukta ndiye aliyewasomea tangazo hilo, kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari.

Mjomba alimgeukia mpwa wake na kusema alikuwa mzito wa kuandika. Mama akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vita hivyo vianze binti kuwaona wakikubaliana bila kubishana, na kitu kikamkatika rohoni.

"Mkiumwa niiteni, nitakuja nikikimbia," alisema. "Mambo ya nukta nimemaliza."

Akakusanya vitu vyake. Siku hizi yuko idara ya maji, anaandika matangazo ya kukatika kwa huduma. Ni mafupi, na watu wanayaelewa, hata kama wanayatukana. Mjomba na mama yake hawajapata mkia wowote, ila Bwana Nukta analipwa kila mwezi kuwaandaa kwa dirisha lijalo, ambalo hata yeye hajui litafunguliwa lini. Mito sasa inauzwa juu ya magodoro.

Binti hufurahi kumsikia mama yake akiongea na kaka yake kwenye simu chumbani, na hufurahi kwa dhati. Kinachomkera ni kwamba alikuwa balozi wa hao wawili miaka yote bila kuwasogeza hata hatua, na tapeli mmoja mwenye marashi akawapatanisha bila hata kukusudia. Juzi alipita mlangoni akasikia mama akimwigiza namna alivyosema mambo ya nukta amemaliza. Upande wa pili wa simu Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Binti akaenda jikoni kuosha vyombo, na akafungulia maji kwa nguvu asisikie zaidi.