Uzio wa Upande wa Upepo

Kabla ya kujitwika kikapu asubuhi ile, Mashine alichungulia nyuma ya nyumba kuona kama marehemu mumewe yuko kazini. Alikuwepo, wa tatu kutoka bomba la maji, mgongo kaupa chai, uso kaelekeza nyumbani kwake. Mashine, aliyepewa jina hilo kwa wepesi wa vidole vyake, akamwachia kikombe cha chai miguuni. Mume hakuwa akinywa tena, lakini utampitaje hivi hivi?

Shamba lao lilikuwa la kilimo hai. Dawa hawakupuliza hata tone, wadudu waliwaokota kwa mkono, na pakiti ilisema chai hii haimdhuru mtu wala udongo. Jirani ndiye aliyepuliza, kila Alhamisi bila kukosa. Masharti ya cheti cha kilimo hai yalitaka kati ya mashamba hayo uachwe ukanda usiolimwa, wa kuzuia dawa inayoletwa na upepo. Uongozi ukaona kuacha ardhi bure ni ujinga, ukajenga humo nyumba za wachumaji.

Waliokufa kwa kikohozi walizikwa vizuri, wakaliliwa, na siku ya tatu wakarudi kukinga familia zao. Walitaka kusimama mbele ya nyumba, upande wa jirani. Msimamizi akawavutia kamba nyuma ya nyumba, ukingoni mwa chai, akawapanga bega kwa bega. Kazi ni kazi, wakatii. Sasa walikuwa kumi na mmoja.

Mashine hakuwa na ugomvi na wafu. Kilichomkaba roho ni bintiye wa miaka sita, aliyekuwa akikohoa tangu mvua ziishe. Mara tatu aliomba nyumba ya juu, karibu na kiwanda, na mara tatu akaambiwa asubiri. Leo mkaguzi wa cheti alikuwa anakuja, na wahenga walishasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mkaguzi alikuwa mtu wa adabu. Aliwaambia marehemu poleni na kazi, akawapima mabega kwa futi ya kamba, akaandika: kizuizi cha asili. Mashine akamsogeza mtoto mbele yake.

"Samahani, bwana mkaguzi. Mwanangu kifua kinammaliza. Naomba tuhamishwe."

Mkaguzi alichutama, akaweka sikio kifuani mwa mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu. Machozi yalimlenga, na hakuwa anaigiza. Kisha akaeleza kwamba yeye hukagua majani, vifua havimo katika kazi yake. Kilichompa wasiwasi ni pengo jembamba kando ya mume wa Mashine, maana majani ya nyuma yake yalinuka dawa. Cheti angetoa, ila pengo lizibwe.

"Mwakani hutalikuta," msimamizi alimwahidi.

Alhamisi iliyofuata jirani alipoanza kupuliza, Mashine aliweka kikapu chini, akaenda kusimama pale mwenyewe. Alijipenyeza kiupande, mumewe akabana bega kumpa nafasi, wapi, hakuenea. Tena upepo humpenya mtu aliye hai; majani ya nyuma yake yalinuka vilevile. Ndani, mtoto alikuwa akikohoa.

Msimamizi hakumfokea. Alimshika mkono taratibu, akamrudishia kikapu chake.

"Nenda kachume, mama," alisema. "Hilo si saizi yako."