Akiba wa Kwanza

Hiyo ilikuwa siku ya tatu Kiberiti anasaini daftari lile lile la mashindano, kwenye meza ya mama mmoja mwenye miwani nene, na siku ya tatu mama yule anamjibu neno lile lile.

"Bado hakuna aliyejitoa, binti. Kaa karibu."

Akaenda kukaa karibu. Kukaa karibu ndiyo kazi yote ya mchezaji wa akiba. Unavaa sare, unafunga viatu, unapasha mwili moto, halafu unakaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha kubadilishia nguo ukimwombea mwenzako aumwe tumbo. Watu husema tenisi ni mchezo wa wenye adabu. Waache waseme, hawajawahi kulikalia benchi lile.

Jina lake lilikuwa juu kabisa ya orodha ya akiba. Mtu mmoja tu akijitoa kabla mechi yake haijaanza, yeye anaingia. Lakini mpira wa kwanza ukishapigwa, basi, hata mtu avunjike miguu yote miwili nafasi yake haimwendei mwingine. Na mechi za raundi ya kwanza zilikuwa zimebaki mbili.

Safari hii ilikuwa kufa kupona. Baba yao, fundi seremala aliyewafundisha yeye na dada yake kwa kupiga mpira kwenye ukuta wa karakana, alikuwa ameshasema la mwisho, tena kwa upole, jambo lililomuumiza Kiberiti kuliko kama angemfokea. "Mwanangu, miaka mitatu imetosha. Usipoingia safari hii, Jumatatu unaripoti chuo cha uuguzi. Shangazi yako amehangaika sana kukupatia nafasi ile." Kiberiti hakuwa na ubaya wowote na wauguzi. Ila alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu apate akili hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake.

Mechi moja ikaisha, ikabaki moja. Mechi hiyo ilikuwa ya dada yake.

"Kiberiti!" Sauti ilitoka ndani. "Njoo na plasta."

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya begi. Goti lilikuwa limevimba likawa halina umbo. Tangu alipopasuliwa miaka miwili iliyopita, kila mechi Kiberiti ndiye aliyemfunga goti kwa plasta, kwa kuwa Dada hakumwamini mtu mwingine. Akapiga magoti, akalishika. Nyama ilikuwa ya moto, na mfupa ulicheza chini ya vidole vyake kama bawaba iliyong'oka misumari.

"Daktari wa mashindano yuko chumba cha pili hapo," Kiberiti alisema.

"Daktari akiliona ananitoa. Nifunge wewe, mdogo wangu. Kaza."

Siku tatu alikuwa amemwomba Mungu mtu augue. Hakuwa ametaja jina. Sasa alitamani arudi kumfafanulia kwamba hakumaanisha huyu, huyu aliyemfundisha kushika raketi, aliyelala naye kitanda kimoja mpaka alipoota meno ya ukubwani. Halafu, tuseme ukweli, kulikuwa na upande mmoja wa moyo wake ambao haukutaka kufafanua chochote.

"Dada, litakubeba kweli?"

"Litanibeba."

"Kwa sababu ukijitoa sasa hivi..."

Dada akamtazama. "Nikijitoa sasa hivi nini?"

"Hamna kitu."

Akaanza kufunga. Angeweza kulegeza. Mkunjo mmoja tu ukae vibaya, Dada angesimama, angeyumba, angekaa chini mwenyewe kabla hajafika mlangoni, na nani angejua? Akapiga moyo konde, akafunga vizuri kuliko alivyowahi kufunga maishani, plasta juu ya plasta, akilainisha kingo kwa kidole gumba, huku machozi yakimlenga na yeye akijifanya ni mafua.

Mama wa meza akachungulia mlangoni na karatasi yake. "Dakika tano. Mko salama humu? Kuna taarifa yoyote?"

Aliuliza akiwatazama wote wawili. Akatazama goti, akamtazama Kiberiti, akasubiri muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake. Kiberiti akafungua mdomo. Akimwita daktari ameingia uwanjani, na maisha yake yote atakuwa yule aliyemchongea dada yake. Akaufunga.

"Tuko salama, mama," Dada akasema.

Mpinzani ndiye aliyeanzisha. Mpira wa kwanza ukaja, Dada akaurudisha, tena kwa ufundi, pembeni kabisa. Kiberiti akiwa nyuma ya uzio akasikia kitu kikizimika ndani yake. Katika gemu la tatu ukaja mpira mfupi karibu na wavu. Dada akaukimbilia, akapiga hatua mbili, ya tatu haikuwepo. Alianguka kwa kiwiko, akabaki chini amekumbatia mguu. Mechi ilichukua dakika kumi na moja, na watazamaji kumi na wawili wakampigia makofi akitolewa.

"Pole, binti," mama wa meza alimwambia Kiberiti akipita na daftari lake. "Ungeniambia."

Baba akapiga simu.

"Umeingia?"

"Sijaingia, Baba."

"Na dada yako?"

"Kaumia. Kashatoka."

"Basi Jumatatu, mwanangu," akasema.

Ndani, Dada alikuwa kwenye kiti kile kile, barafu juu ya goti, maji yakichuruzika mpaka kwenye soksi. Kiberiti akasimama mbele yake.

"Ulijua halitakubeba?"

"Tangu nilipoamka. Nimeshuka ngazi kwa makalio, wewe ukiwa bafuni."

"Mbona hukujitoa? Ningecheza mimi! Dada, ningecheza mimi!"

"Nilijua utacheza wewe." Dada alisema akiitazama sakafu. "Nikakuona umekaa pale benchini, mzima, miguu yako mizima. Nikasema akiingia huyu leo, mimi sirudi tena uwanjani. Sikuweza, Kiberiti. Nisamehe, sikuweza."

Kiberiti akaiinua barafu, akalitazama goti.

"Na mimi nilijua," akasema. "Nilipolishika tu."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nasubiri uniachie mwenyewe."

Dada akafunika uso kwa taulo, mabega yakimtikisika. Baadaye akausukuma mguu mbele kidogo, kama kawaida yao baada ya mechi, abanduliwe plasta. Kiberiti aliutazama mguu ule. Akaokota begi lake, akatoka, akamwacha abandue mwenyewe.