Tarehe ya Ubaoni

Mchora vibao alikuwa na wivu, na wala tusimfichie. Nusu ya maduka ya mtaa ule yalijulikana kwa herufi zake: kinyozi, duka la dawa, fundi viatu. Mama yake alipita chini ya vibao hivyo kila akienda sokoni, asiseme neno. Leo Kitinda, mdogo wake aliyejifunzia kushika brashi kwenye karakana yake, ametundikiwa picha moja, moja tu, katika jumba la sanaa kule ufukweni, na mama ameshapiga pasi gauni lake la kuendea harusini.

"Tutaenda sote," mama alisema. "Hebu niandikie siku ubaoni, nisije nikasahau."

Ubao wa jikoni ndio ulioendesha nyumba ile: siku za kliniki, zamu za kufua, gesi imeisha lini. Mchora vibao akashika chaki. Maonyesho yalikuwa yanafungwa Jumamosi tarehe kumi na nne, naye alilijua hilo vizuri. Roho ikamuuma, mkono ukaandika: JUMAMOSI, TAREHE 21. Akapiga na mstari chini, kama kazi ya mteja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alilitia maji kwa kutosifiwa.

Kesho yake Kitinda alikuja kupanga safari, akausoma ubao, akashtuka.

"Mama, hiyo siku picha zitakuwa zimeshateremshwa! Mwisho ni tarehe kumi na nne."

"Kaulize vizuri," mama alisema, huku anachambua mchele. "Dada yako kaandika ishirini na moja."

"Lakini picha ni yangu, mama!"

"Hata kama. Mtaa mzima huu kauandika yeye, na mimi nikipita nasoma vyote. Sijaona hata herufi moja iliyokaa upande. Yule hakosei."

Mchora vibao alikuwa mlangoni, kopo la rangi mkononi, amesikia yote. Sifa aliyoingoja miaka nenda miaka rudi imemfika, na imekalia uongo wake. Masikio yakamwaka kwa aibu. Akachukua kitambaa, akafuta 21, akaandika 14.

"Kumbe ulikosea?" mama aliuliza, uso umemshuka.

Kuitikia tu kungeyamaliza. Kitinda mwenyewe alishaelewa, akamkonyeza aitikie. Lakini mchora vibao angeweza kumeza kila kitu isipokuwa hilo, kuambiwa kaandika akakosea.

"Sikukosea, mama," alisema. "Niliandika makusudi."