Jina la Wifi

Winfrida alijua tangu Jumanne jioni kwamba wifi yake ni mgonjwa. Alimsikia akikohoa nyuma ya pazia, kikohozi kikavu kisichokoma, akawahamishia watoto sebuleni. Jumatano asubuhi alivaa barakoa, akaenda kazini kama kawaida.

Homa ya kifua ilikuwa imeingia Kigoma mwezi mmoja kabla. Mpaka wa ziwani ulifungwa. Bunge lilipitisha sheria kwa hati ya dharura, na muhtasari wake ulibandikwa kwenye geti la kiwanda cha sabuni cha Rusimbi, ambako Winfrida alikuwa na mwaka wa sita akikata na kufunga miche ya sabuni za mawese. Siku ulipobandikwa wanawake walipiga vigelegele. Mfanyakazi aliyekaa nyumba moja na mgonjwa angebaki nyumbani siku ishirini na moja, yeye na wote aliokuwa nao karibu kazini. Mshahara usingekatwa, mtu asingefukuzwa, na familia zingeletewa chakula. Kilichotakiwa ni kujaza fomu na kumtaja mgonjwa: jina lake, na alikotoka.

Hapo ndipo Winfrida alipokwama. Wifi yake Bibiana alikuwa ametoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kwa boti ya wavuvi baada ya kumzika mumewe. Walimshusha ufukwe wa Katonga alfajiri, hakupita bandarini, hakuonyesha karatasi kwa mtu yeyote. Kaka yake Heritier, mume wa Winfrida, alikwenda kumchukua kwa bajaji yake mwenyewe, akamleta nyumbani kwao Ujiji akiwa amejifunika kitenge hadi machoni.

"Ukiandika jina lake umempeleka jela," Heritier alimwambia mkewe wakati wa chai. "Na mimi niliyembeba pia. Wewe nenda kazini, usiguse mtu. Atapona humu humu ndani."

"Na asipopona?"

Heritier aliinua kikombe. Alikunywa chai yake amesimama.

Getini Winfrida alipimwa joto kwenye paji la uso. Mlinzi akampungia mkono apite. Alipofika kwenye meza yao ndefu alikaa mwisho kabisa, mbali na wenzake, lakini Melania alimfuata. Melania alikuwa na ujauzito wa miezi saba, na kwa miaka mitatu walikuwa wakikaa bega kwa bega.

"Mwakeye, dada," Melania alimsalimu kwa Kiha, akicheka. "Leo umenisusia?"

"Kichwa kinaniuma. Kaa kule, mama, nisikusumbue."

"Kichwa tu ndiyo unihame?" Melania akavuta kiti, akaanza kufunga sabuni. Baada ya muda aliushika mkono wa Winfrida, akauweka juu ya tumbo lake. "Sikia huyu anavyopiga teke. Tangu asubuhi hajatulia."

Winfrida alihisi kisigino kidogo kikisukuma kiganja chake. Aliuondoa mkono haraka kana kwamba ameungua. Tangu aingie zilikuwa zimepita saa nne. Saa nne nzima alikuwa akivuta pumzi na kuitoa kwenye ukumbi wenye wanawake sitini. Aliinuka bila kuaga, akatoka nje hadi getini, akausoma muhtasari wa sheria kuanzia juu. Safari hii hakuishia pale walipopigia vigelegele. Karibu na mwisho, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba taarifa zilizotolewa kwenye fomu zisingetumika kumshtaki mtu yeyote, mgonjwa wala aliyemhifadhi, kwa namna alivyoingia nchini.

Alirudia kuisoma mara tatu. Ilikuwa karatasi tu, imebandikwa kwa gundi. Kwamba kuna mtu angeitii, hakuwa na hakika hata kidogo. Hata hivyo aligeuka, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya msimamizi.

Msimamizi, Gervasi, alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya upole. Winfrida alisimama mlangoni.

"Naomba fomu, bosi. Nina mgonjwa nyumbani."

Gervasi aliacha kuandika. "Mgonjwa wa homa hii?"

"Nadhani ndiyo."

"Funga mlango." Winfrida hakuufunga. Gervasi alishusha pumzi, akapunguza sauti. "Nisikilize, Winfrida. Ukijaza fomu, meza yenu yote inakwenda nyumbani. Watu kumi na tisa. Na sabuni hizi za hospitali zinatakiwa ziondoke Jumamosi. Nitakuandikia ruhusa ya kawaida, useme tumbo. Ondoka kimya kimya, mgonjwa wako akipona utarudi."

"Na hao kumi na wanane?"

"Hao wataendelea na kazi. Hakuna aliyeumwa."

"Melania ana mimba, bosi. Nimekaa naye leo."

"Basi ungebaki nyumbani tangu asubuhi!" Gervasi alipandisha sauti kwa mara ya kwanza, na maneno hayo yakampata Winfrida mahali panapouma, kwa sababu yalikuwa kweli. Macho yakamjaa machozi, lakini hakuondoka.

"Ndiyo. Nimekosa. Ndiyo maana naomba fomu, na naomba uigonge muhuri. Usiponipa, nitasimama pale ukumbini niwaambie mwenyewe."

Walitazamana. Kisha Gervasi akavuta droo.

Winfrida alijaza kwa herufi kubwa. Kwenye nafasi ya jina la mgonjwa kalamu ilisita. Alimpigia mumewe kwanza. Hakutaka alisikie kwa watu.

"Heri, ninaandika."

"Winfrida, usithubutu."

"Sheria inasema hawatamshtaki. Nimeisoma."

"Sheria! Wewe umewahi kuona sheria ikimhurumia mtu wa kutoka ng'ambo? Babangu alikaa nchi hii miaka arobaini akiulizwa karatasi kila..." Akaiacha hapo. "Ukiandika, usinihesabu mume."

Simu ikakatwa. Winfrida aliandika: BIBIANA. KALEMIE. Gervasi akagonga muhuri, akapiga namba ya timu ya afya.

Timu ilikuja na gari la wagonjwa, ikiongozwa na nesi aitwaye Esther, mwanamke mfupi wa maneno machache. Walimkalisha Winfrida kiti cha nyuma, wakaenda Ujiji. Nyumba ilikuwa wazi. Bajaji haikuwepo. Watoto walikuwa kwa jirani, na jirani alisema Heritier ametoka na mtu aliyefunikwa kitenge, mbio.

"Anaweza kuwa amempeleka wapi?" Esther aliuliza.

Winfrida aliuma mdomo. Tayari alikuwa amemtaja mmoja. Sasa aliombwa wa pili.

"Katonga," alisema. "Anataka kumrudisha kwenye boti."

Waliikuta bajaji kando ya barabara kabla ya mteremko wa kwenda ufukweni. Heritier alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, amemshika dada yake mabega. Bibiana alikuwa ameegemea tairi, kinywa wazi, kila pumzi ikitoka na mlio. Heritier alipoliona gari alisimama, akatandaza mikono.

"Msimguse! Mtu asimguse!"

Esther alishuka akiwa amebeba mtungi. "Kaka, mimi ni nesi. Sikuja na pingu, nimekuja na oksijeni. Ndani ya boti hatafika hata nusu ya ziwa."

"Mnasema hivyo, halafu..."

"Heri." Ilikuwa sauti ya Bibiana, nyembamba kama uzi. "Yaya, kaka yangu, waache. Nakufa mimi, si wewe."

Heritier alimtazama dada yake, kisha mkewe. Mikono ikashuka yenyewe. Alikaa chini pale pale, Esther akapita.

Siku ya nne tangu Bibiana alazwe kwenye kambi ya karantini, ofisa mmoja mwenye sare alikuja na daftari, akauliza kuhusu mwanamke wa Kalemie. Esther alimpa nakala ya sheria, kidole kikiwa juu ya kile kifungu. Ofisa akasoma polepole, akauliza tu hali ya mgonjwa, akafunga daftari na kuondoka. Bibiana alipona baada ya wiki tatu. Alipewa kibali cha muda cha kukaa Kigoma hadi mpaka ufunguliwe.

Winfrida na Heritier walikaa karantini chumba kimoja kambini humo siku zote ishirini na moja, watoto wao chumba cha pembeni. Kwa siku tisa Heritier hakumsemesha. Chakula kilipoletwa mlangoni alimpakulia yeye kwanza, akampa sahani bila neno. Siku ya kumi, walipopata habari kwamba Bibiana ameweza kukaa kitandani na kula uji, alisema, "Ningemuua kwa kumficha." Winfrida alitaka kumwambia kwamba naye alikuwa na kosa lake, la kwenda kazini asubuhi ile, ila alishindwa.

Melania aliugua. Alijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike mdogo kama paka, na wote wawili walilala hospitali mwezi mzima. Kwa kuwa fomu iligongwa muhuri, nafasi yake kazini ilimsubiri, na familia yake haikulala njaa.

Winfrida alikwenda kumwona siku ya kwanza Melania aliporuhusiwa kurudi nyumbani. Melania alikuwa amekaa mkekani akinyonyesha. Hakumkaribisha kiti.

"Nataka kukuuliza jambo moja, usinidanganye," alisema. "Ulijua tangu lini?"

Winfrida angeweza kusema asubuhi ile, kazini. Hakuna ambaye angempinga.

"Tangu Jumanne jioni," alisema. "Kabla hujaja kukaa karibu yangu."

Melania aliinamisha kichwa. Mtoto aliachia titi, akalalamika, akalishika tena.

"Nenda, Winfrida," Melania alisema hatimaye, bila ukali. "Leo nenda. Nitakuita mwenyewe."

Winfrida aliinuka, akavaa viatu mlangoni, akashika njia ya kurudi Ujiji kwa miguu. Wito wenyewe ulichukua miezi miwili, lakini ulikuja.